Mtu wa Fahali Apanda Kizimbani

Nyinyi mliosimama nami wiki jana pale Mamboleo mnakumbuka tulimwacha Joram mlangoni, kuku mkononi, mdomo wazi. Wengi mmeniuliza kama alikimbia. Hakukimbia. Miguu ilikataa.

Na wewe uliyechukua gazeti leo kwa mara ya kwanza, usihangaike, keti hapa. Joram Okinyi ni mfanyakazi wa feri ya Luanda Kotieno, yule anayerusha kamba gatini na kuelekeza magari yasiingie ziwani. Ameahidiwa usukani. Lakini meneja wa feri, Bwana Byron Obiero, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alimwambia wazi, "Usukani wangu haushikwi na mtu mwenye doa. Niletee good conduct ya polisi."

Joram akaenda kupigwa alama za vidole, na cheti kikarudi na doa. Zamani, akiwa kijana wa Asembo Bay, alihukumiwa kwa kuharibu mali ya mwanamke aitwaye Jentrix Ajwang.

Wakili wake, Wamaitha, akapeleka ombi kortini hukumu hiyo ifutwe. "Tunasikizwa Alhamisi," alisema. "Hakimu anaweza kukubali, anaweza kukataa. Lakini mlalamishi akisema mambo yaliisha, kazi yetu inakuwa nyepesi. Mtafute huyo mama. Kaa naye chini, mwangalie machoni, omba msamaha."

Ndiyo sababu Joram alifika Mamboleo na kuku. Akauliza hoteli ya Jentrix Ajwang, akaonyeshwa, akasukuma mlango. Na aliyeketi ndani na huyo mama, akimenya vitunguu, alikuwa Lornah. Lornah wake. Lornah ambaye wazee wa Joram walikuwa wanajipanga kumpelekea mahari.

"Mama," Lornah alisema, "huyu ndiye Joram."

Mtaniuliza, mtu anawezaje kutojua jina la mama mkwe wake? Huku kwetu ni rahisi sana. Mwanamke akishapata mtoto, jina lake analiacha kanisani na kwenye kitambulisho. Kwa Joram, yule alikuwa Min Lornah, yaani mama yake Lornah, basi. Na Lornah mwenyewe alilelewa kwa nyanya yake Mbita; walijuana kwenye feri. Joram hakuwa amewahi kumtia mama huyo machoni.

Na hata siku hiyo hakumwona vizuri. Mama Jentrix aliposikia jina la mkwe, alijitupia leso kichwani, akainuka na ukubwa wake wote, akatokomea nyuma ya pazia la jikoni. Mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, hawatazamani. Hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja wakapiga soga. Hiyo ndiyo heshima, na Mama Jentrix alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi.

Wakili alisema amwangalie machoni. Joram alibaki akiliangalia pazia.

"Lornah," sauti ikatoka jikoni, "muulize huyo kijana watu wake wako wapi. Mtu anakuja ukweni peke yake kama anauza sabuni?"

"Mama anauliza watu wako wako wapi," Lornah akasema.

"Nimesikia," Joram akajibu.

"Amesema amesikia, Mama."

"Muulize hiyo kuku ni ya nini."

Kuku yule alikuwa wa kuombea msamaha, lakini hapo angesema nini? "Mwambie ni salamu," Joram akasema.

"Mwambie salamu imefika," ikasema sauti, na mkono mnene ukatokeza chini ya pazia, ukamchukua kuku, ukarudi ndani.

Kisu kikaanza kukata sukuma wiki. Joram akadhani ameponyoka. Alikuwa ameshageuka ashike njia aliposikia sauti tena.

"Lornah, muulize kama anajua kuendesha gari."

"Najua, Mama," Joram akasema, akajiuma ulimi kwa kujibu moja kwa moja.

"Basi amekuja wakati mzuri. Mwambie Alhamisi anipeleke korti ya Kisumu. Nimeitwa. Kuna mtu anaitwa Okinyi Oluoch, alinivunjia hoteli yangu kule Asembo. Ati sasa anataka asafishwe." Kisu kikaongeza kasi. "Nitaenda kumsafisha mimi mwenyewe."

Lornah aliacha kumenya kitunguu. Akina Okinyi wamejaa ufuoni, kila kijana aliyezaliwa asubuhi ni Okinyi. Lakini aliyesimama mlangoni na jasho linamtiririka kwenye shingo alikuwa mmoja tu. Alimshika Joram mkono, akamvuta mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Okinyi Oluoch ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye mtu wa fahali."

"Mimi nilishika kamba tu, Lornah."

"Joram, nimetishwa na wewe utoto wangu wote. Nikikataa uji, mtu wa fahali anakuja. Nikichelewa kisimani, mtu wa fahali atanikuta njiani. Leo nimemwambia mama yangu huyu ndiye."

Joram akamweleza yote. Mjomba wake alikuwa amefariki, mtu mkubwa, na siku ya tero buru wanaume walitoka na ng'ombe kukifukuza kile kifo kilichoingia nyumbani, kama ilivyo desturi. Vijana wengi, wamejipaka udongo mpaka nyusi, wamejifunga majani, wanaimba. Yeye alikabidhiwa fahali wa marehemu. Walipopita sokoni Asembo Bay, karibu na hoteli mpya, mtu mmoja nyuma alimtandika fahali fimbo ya mkia. Fahali akaingia hotelini bila kupiga hodi.

"Nani alimtandika?"

"Sijui. Wote walikuwa na udongo. Tulipofika kwa chifu, kila mtu alikuwa amepotea. Mimi nilibaki kwa sababu kamba ilikuwa imenizunguka mkono."

"Na kortini ulisema nini?"

"Mzee mmoja alininong'oneza, sema ni kweli uende nyumbani ukale. Nikasema ni kweli. Nikafagia uwanja wa chifu mpaka adhabu ikaisha. Nilidhani imeisha."

Lornah alitaka kukasirika zaidi, na alitaka kucheka, akaishia kulipiga tangi kofi.

"Basi mwambie mama," Joram akasihi.

"Simwambii. Nikisema mimi, ataona ninakutetea. Atasikia kwa mdomo wako."

"Nitaongeaje na maro?"

"Hiyo utajua mwenyewe. Lakini nisikize vizuri. Mama akikataa kortini, hakuna mahari. Siwezi kuolewa na mtu ambaye mama yangu akisikia jina lake anachukua kisu."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Asubuhi Joram alikuwa anatafuta usukani. Jioni alikuwa anatafuta usukani na mke, na vyote viwili vilikuwa mkononi mwa mwanamke ambaye haruhusiwi hata kumsalimia vizuri.

Alimpigia Wamaitha simu.

"Wakili, mlalamishi ni mama mkwe wangu."

"Vizuri sana," akasema Wamaitha. "Ni mambo ya familia. Ongea naye."

"Siwezi kuongea naye."

"Mmekosana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Wamaitha alitoka Nyeri akiwa wakili mchanga, ameishi Kisumu miaka mingi, anakula kichwa cha samaki mbuta bila kuacha kitu. Lakini hili lilimpita kando. "Joram," alisema mwishowe, "kesho kutwa uvae shati safi."

Joram hajakaa vizuri, simu ikalia tena. Alikuwa Bwana Byron Obiero.

"Joram, nimenunua kofia. Nyeupe, ina nanga ya dhahabu hapa mbele. Alhamisi nakuja kortini mwenyewe. Ukisafishwa, nakuvisha hapo hapo watu wakiona. Usiposafishwa, kuna mtu wa Mbita kichwa chake pia kinaingia." Mzaha wake ukamfurahisha mwenyewe, akacheka mpaka Joram akaisogeza simu mbali na sikio.

Alhamisi ikafika. Joram aliazima Probox ya rafiki yake, akaiosha, akaisimamisha mbele ya hoteli na kutazama upande wa pili. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, gari likainama, mlango ukafungwa. Lornah akaingia mbele, amenuna.

Joram akatia gia, akatupa jicho kwenye kioo cha ndani. Maro wake alikuwa amejaa kwenye kioo chote, amevaa gauni la kitenge na kilemba kirefu. Joram alikigeuza kioo kikaangalia paa. Tangu Mamboleo mpaka Kondele aliendesha shingo ikiwa nje ya dirisha, na wenye bodaboda wakamuuliza kama amepoteza kitu.

"Lornah," sauti ikatoka nyuma, "mwambie huyo kijana anaendesha kwa heshima. Sijawahi kuona."

"Umesifiwa," Lornah akasema kwa meno yaliyobana.

"Sasa nyamazeni, nijikumbushe ushahidi wangu." Mama Jentrix akakohoa. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimefungua hoteli hiyo asubuhi. Pasta alikuwa ameombea sufuria. Sufuria kubwa ya chai, nilikuwa nimeitoa Kisumu na bodaboda. Nikasikia nyimbo za tero buru, nikatoka mlangoni nione, kwa heshima ya marehemu. Mheshimiwa, nilisimama kwa heshima. Na hiyo ng'ombe ikanipita hapa."

Joram alipita shimo la barabara akalipata lote.

"Sikuona sura ya mtu. Wote walikuwa udongo. Lakini nilisikia mmoja akicheka. Mimi nimeangushwa kwenye mandazi yangu, na mtu anacheka. Hiyo kicheko, mheshimiwa, mpaka leo ninaisikia. Inaanza, inakatika, inaanza tena, kama injini ya boti imeingia maji. Huyo ndiye Okinyi Oluoch. Mwenye kamba ndiye mwenye kicheko."

"Mama," Lornah akajaribu, "pengine mwenye kamba ni mwingine."

"Kwani ulikuwepo?" Kisha sauti ikashuka, ikawa si ya kortini tena. "Serikali ilimfagisha uwanja. Mimi nilipata nini? Chifu alipata uwanja safi. Hakuna mtu alikuja kwangu kusema pole. Hata mmoja. Niliifunga hoteli, nikahama Asembo na mtoto nikamwacha kwa mama yangu. Pole tu, Lornah. Ningekula hiyo pole."

Lornah aligeukia dirisha na hakugeuka tena. Joram naye aliona barabara imekuwa na ukungu, na Kisumu siku hiyo ilikuwa jua tupu.

Kortini, Mama Jentrix alimwagiza Lornah amwambie dereva angojee nje. Dereva akaenda kungojea nyuma ya mlango. Ndani, Byron Obiero alikuwa ameketi benchi la mwisho, tai imekaza, kofia nyeupe iko kwenye goti. Wamaitha alipanga karatasi zake na kuzipangua. Hakimu hakuwa mtu wa ziwa, alikuwa mpole na mwenye miwani, na alionekana kutaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mama Jentrix aliitwa kwanza, akapanda kizimba cha mashahidi, akashika Biblia kana kwamba ni ya kwake.

"Okinyi Oluoch," karani akaita.

Kimya.

"Okinyi Oluoch."

Mlango ukafunguliwa na Joram akaingia katika shati lake safi. Akatembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akapanda kizimba cha pili, akasimama akitazama vidole vya miguu yake.

Mama Jentrix alimwona. Akamgeukia karani. "Mwambieni huyo dereva wangu atoke hapo. Hapo ni pa wahalifu, atashikwa bure."

"Mama," karani akasema, "huyo ndiye Okinyi Oluoch."

Watu wachache kikohozi kikawabana. Mama Jentrix alibaki vile vile, mkono juu ya Biblia. Alimtafuta Lornah kwenye mabenchi, na Lornah akainamisha kichwa. Basi akaelewa. Akafungua leso yake polepole, akajifunika kichwa na uso, akageuka mzima mzima, akampa Joram mgongo, na hakimu akabaki anatazamwa na upande mmoja wa kilemba.

"Mama, unamjua mtu huyu?" hakimu akauliza.

"Simwoni, Mheshimiwa."

"Mgeukie."

"Siwezi."

Hakimu akavua miwani. "Amekutisha?"

"Hapana."

"Ameahidi kukupa kitu?"

"Ameahidi ng'ombe, Mheshimiwa. Lakini ni za mahari. Huyo ni mkwe wangu."

Hapo korti ilicheka, na karani akaomba utulivu huku naye akificha meno. Wamaitha aliinama karibu na kizimba cha Joram. "Sasa ndiyo nafasi," akanong'ona. "Mwangalie machoni, omba msamaha."

"Wakili, nikimwangalia machoni nitahitaji msamaha mwingine."

Hakimu aligonga meza. Alimuuliza Mama Jentrix kama anapinga ombi. Mama akasema kuna maneno anataka kumwambia huyo mtu, amekuwa nayo tumboni miaka hii yote, lakini hawezi kumwambia mkwe wake uso kwa uso, na mkwe hawezi kumjibu. Mahali kama hapo lazima mtu wa katikati.

"Mtu wa katikati gani?" hakimu akauliza.

Mgongo wa Mama Jentrix haukujibu, lakini korti nzima ilimtazama hakimu.

Hakimu alitazama saa ya ukutani. Alitazama karatasi zake. Kisha akapumua kama mtu aliyekubali kubeba mtungi wa jirani. "Haya. Sema, Mama, nitamwambia."

"Mwambie alivunja hoteli yangu."

"Bwana Okinyi, anasema ulivunja hoteli yake."

"Mwambie ni kweli, Mheshimiwa. Kamba ilikuwa mkononi mwangu."

"Anasema ni kweli, Mama."

"Mwambie sikulilia sufuria. Sufuria ni bati. Mwambie nililia kwa sababu hakuna mtu alikuja kusema pole."

Hakimu alilipeleka hilo kwa sauti ya chini kidogo. Joram alishika ukingo wa kizimba. Hakuwa amepanga maneno, na yale Wamaitha aliyomwandalia yalikuwa yamemtoka yote.

"Mwambie nilikuja, Mheshimiwa. Siku nilipomaliza kufagia kwa chifu, nilipita mbele ya hoteli yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Nilisimama pale. Nilikuwa nimebeba neno hilo hilo moja. Halafu niliona aibu, nikaenda zangu. Mwambie nilipaswa kubisha siku hiyo. Mwambie pole. Pole sana, Mama."

Hakimu alifungua mdomo apeleke ujumbe, akaona hauhitaji kupelekwa. Leso ya Mama Jentrix ilikuwa inatetemeka.

"Mwambie," alisema, "nilifunga kwa waya kwa sababu komeo lilivunjika. Nilikuwa ndani. Niliona miguu ya mtu chini ya mlango. Nikasema moyoni, akibisha nitafungua."

Lornah alikuwa analia waziwazi bila kujificha. Hata Wamaitha alikuwa anatafuta kitambaa kwenye mkoba.

"Ulisubiri kwa muda gani, Mama?" hakimu akauliza, na hilo halikuwa swali la sheria.

"Mpaka miguu ikaondoka." Mama Jentrix akajipangusa kwa pembe ya leso. "Mwambie sasa amebisha. Mwambie nimefungua."

Kwenye benchi la mwisho, Byron Obiero aliinua kofia nyeupe, akaipuliza vumbi lisilokuwepo. Hakimu alivaa miwani, akashika kalamu, akavuta faili karibu. Joram aliiona ile kalamu ikishuka kuelekea karatasi na akaanza kumshukuru Mungu kwa Kijaluo.

"Jambo moja tu, nikamilishe rekodi," hakimu akasema. "Fahali aliingiaje?"

"Alichapwa kwa nyuma, Mheshimiwa, tulipofika mlangoni."

"Akafanya nini ndani?"

"Alizunguka mara moja. Akakanyaga unga. Akatoka na sufuria ya chai kwenye pembe moja, na kifuniko kinampiga sikio kila anaporuka. Halafu akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa chifu, akasimama mbele yake na ile sufuria, kama amekwenda kuandikisha malalamiko."

Hapo hata hakimu alishindwa. Alijifunika uso kwa faili. Karani alicheka, Wamaitha alicheka, na mgongo wa Mama Jentrix nao ukaanza kutikisika, kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la kuchekwa.

Kisha kicheko cha watu kikapungua, na kimoja kikabaki. Kilitoka benchi la nyuma. Kilianza, kikakatika, kikaanza tena.

Mama Jentrix aliacha kutikisika. Leso ikateleza ikaanguka mabegani. Akageuka, akampita Joram kwa macho kwa adabu zake zote, akaitazama korti benchi baada ya benchi mpaka la mwisho.

Joram naye aligeuka. Kicheko hicho alikuwa amekisikia kwenye simu juzi. Alikuwa amekisikia gatini kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi. Na sasa, huku kikikatika na kuanza, alikumbuka mara ya kwanza alipokisikia, nyuma ya bega lake, na fimbo ikishuka.

Byron Obiero alijaribu kukimeza, kikamtoka puani. Aliinua kofia nyeupe akajifunika uso, na nanga ya dhahabu ikabaki ikiwatazama watu wote.

Hakimu aliweka kalamu chini. Karatasi ilikuwa bado tupu.

"Mama, kuna nini?"

"Mheshimiwa, siku ile nikiwa chini nilisikia mtu akicheka, nikadhani mwenye kamba ndiye mwenye kicheko. Nilikosea." Alinyoosha kidole chake kinene kuelekea ile kofia. "Aliyechapa ng'ombe yuko pale."

Hakimu alimtazama mtu wa kofia, kisha akamtazama Joram. "Bwana Okinyi, wewe ndiye uliyekuwa na kamba. Unamjua mtu yule?"

Kofia ikashuka kidogo. Juu ya ukingo wake macho ya meneja yalitokeza, na hayakuwa yanacheka tena. Yalimtazama Joram, kisha yakaitazama kofia, kisha yakamrudia Joram.

Joram aliangalia mikono yake. Lornah alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa," Mama Jentrix akasema, akijifunika leso upya na kurudisha mgongo wake mahali pake, "mwambie mkwe wangu ajibu. Mimi ninasikiliza."